Uzi: Great Blasket, kisiwa cha Ireland kilichobaki mahame tangu 1953

Mnazi Mkinda (mleta uzi)

Wakuu, hii mada nimeisoma muda mrefu na sijaiona ikijadiliwa kwa Kiswahili, kwa hiyo naileta. Ni habari ya kisiwa kidogo kilicho magharibi kabisa mwa Ireland, kaunti ya Kerry. Wenyewe wanakiita An Blascaod Mór, ramani nyingi zinaandika Great Blasket. Urefu wake ni kama kilomita 6, upana kilomita moja hivi, na mgongo wake wote ni mlima unaofika mita 292. Kutoka kijiji cha Dún Chaoin upande wa bara, kuvuka ni kilomita 2 tu hivi. Ukisimama juu ya gati unaziona kuta za nyumba ng'ambo kwa macho yako.

Tarehe 17 Novemba 1953 serikali ilianza kuwahamisha watu 22 waliokuwa wamebaki. Tangu hapo hakuna anayeishi pale mwaka mzima. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa bahari iliwashinda. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Bahari ile walizaliwa nayo na waliijua. Kisiwa kilikufa kwa sababu vijana waliondoka mmoja mmoja, na huduma hazikufika hata pale walipoandika wazi kwamba hawana chakula. Nchi iliwatukuza kwa lugha yao huku ikiwaacha bila daktari. Hilo ndilo linaloniuma na ndilo nitakalolieleza.

Twende taratibu. Sensa ya 1841 ilikuta watu 153 kisiwani. Miaka michache baadaye viazi vya Ireland nzima vikaoza mashambani kwa ugonjwa, ikaja ile Njaa Kuu iliyoua watu kama milioni moja na kuwatoa nchini wengine zaidi ya milioni. Mwaka 1851 Blasket walibaki 97. Hata hivyo walioishi pwani kama wao walikuwa na samaki, chaza wa mawe na mwani wa kula, vitu ambavyo wakulima wa ndani hawakuwa navyo. Idadi ikapanda tena hadi 176 mwaka 1916, na haikuwahi kuzidi hapo.

Kisiwani hapakuwa na kanisa, duka, baa wala daktari. Padri alivuka mara moja moja kuja kuungamisha. Wafu walivushwa kwenda kuzikwa bara, Dún Chaoin. Waliozikwa kisiwani ni mabaharia waliotupwa na mawimbi na watoto wachanga waliokufa kabla ya ubatizo, ambao kwa desturi ya Kanisa ya wakati ule hawakuruhusiwa kuzikwa makaburini. Shule ya serikali ilifunguliwa 1864, na ilifundisha kwa Kiingereza watoto ambao nyumbani hawakusikia neno la lugha hiyo.

Nyumba zilijengwa kwa mawe na udongo, zimechimbiwa ubavuni mwa mlima ili upepo upite juu. Nyumba za zamani ziliezekwa kwa matete, na kuku walipanda paani kutaga, watoto wakapanda kufuata mayai. Wakati wa baridi ng'ombe, punda na mbwa walilala ndani na watu. Kuni hapakuwa, mti hauoti pale. Walichimba udongo mweusi wa mlimani, ule wa kinamasi kilichooza miaka na miaka, wakaukata vipande, wakaukausha na kuushusha kwa punda. Huo ndio uliopika na kuwapa moto.

Nitaendelea.

Nahodha wa Kojani

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Ila kwenye kuvuka umepita haraka mno. Walivuka na chombo gani? Maana kilomita 2 kwa mtu wa bahari si kitu.

Mnazi Mkinda

Nahodha, kwa umbali si kitu, kweli. Ila mlango ule wa bahari una mikondo inayopishana na miamba iliyojificha chini ya maji. Mwaka 1588 meli za vita za Hispania zilipokuwa zikirudi kwao baada ya kushindwa na Waingereza, moja iitwayo Santa María de la Rosa iliingia hapo ikitafuta hifadhi, ikazama na mamia ya watu. Alipona mtu mmoja.

Chombo cha wanakisiwa kinaitwa naomhóg. Ni fremu ya fito nyembamba za mbao, juu yake turubai lililopakwa lami. Hakina mkuku wa kulikata wimbi, kinalipanda. Wanaume watatu au wanne wanakaa mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na makasia mawili membamba yasiyo na bapa. Wakifika pwani wanakigeuza kichwa chini, wanakibeba mabegani na kukiweka juu ya vigingi, kwa sababu upepo unaweza kukipeperusha.

Sasa fikiria kumvusha ng'ombe kwa turubai. Walimwangusha, wakamfunga miguu yote minne, wakamlaza katikati ya chombo juu ya matandiko ya majani. Kwato moja ikipenya kitambaa, mmekwisha wote. Kondoo nao vivyo hivyo. Na walikuwa wakifanya hivyo kila msimu wa soko.

Kwa hiyo ukweli mmoja uushike, kwa sababu utarudi mbele: kisiwa kile kiliendeshwa na mabega ya vijana. Wasipokuwepo wapiga makasia wa kutosha, hakuna unga, hakuna barua, hakuna padri, na maiti haivuki.

Bi Mkubwa Tatu

Ahsante kwa uzi, mwanangu. Mimi nataka kujua habari za wanawake. Waliolewa huko kwa hiari zao? Na wakijifungua ilikuwaje?

Mnazi Mkinda

Shikamoo Bi Mkubwa. Wanawake wa kisiwani walizalishana wenyewe. Kuhusu ndoa, wa kukujibu ni Peig Sayers mwenyewe, kwa sababu maisha yake yameandikwa. Alizaliwa 1873 upande wa bara, hapo hapo Dún Chaoin. Alikuwa mtumishi wa ndani kwenye nyumba za watu, na tumaini lake lote lilikuwa Marekani: rafiki yake aliyetangulia aliahidi kumtumia nauli. Rafiki akaumia mkono kule, akashindwa kufanya kazi, nauli haikuja. Mwaka 1892 Peig akaolewa na mvuvi wa Blasket kwa posa iliyopangwa na wanaume, kama ilivyokuwa desturi yao, akahamia kisiwani.

Alizaa watoto wengi na akawazika kadhaa. Mwaka 1920 mwanawe Tomás aliteleza kwenye jabali akafa. Waliobaki wakaanza kwenda Marekani mmoja baada ya mwingine, mumewe akafariki, na yeye akabaki na ulimi wake. Alikuwa msimulizi wa ajabu. Watafiti wa mapokeo ya Ireland walikusanya kwake mamia ya hadithi. Kusoma na kuandika Kiairishi hakujua, kwa hiyo maisha yake alimsimulia mwanawe Mícheál, aliyekuwa mshairi, naye akayaandika. Kitabu kikatoka 1936 kikiitwa Peig.

Baadaye kikawekwa kwenye mtaala na vizazi vya wanafunzi wa Ireland wakalazimishwa kukisoma kwa mtihani. Wengi hadi leo wakisikia jina lake wanakunja uso. Naona hiyo ni dhuluma kwa yule mama. Mtoto wa miaka 16 wa mjini anapewa habari za mjane aliyezika watoto wake, anaambiwa akariri msamiati.

Kisima cha Ngoa

Umesema "maisha yake yameandikwa". Nilisikia kisiwa hiki kina waandishi watatu. Kijiji cha wavuvi kinatoaje waandishi watatu?

Mnazi Mkinda

Kisima, ndipo nilipokuwa naelekea.

Ireland ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa bado chini ya Uingereza, na waliotaka uhuru walikuwa wakiifufua lugha ya Kiairishi iliyokuwa ikifa. Ikajulikana kwamba Blasket watu wanazungumza Kiairishi safi, wazee wengi hawana hata Kiingereza. Wageni wakaanza kuvuka. Mwaka 1907 alikuja Carl Marstrander, msomi kutoka Norway. Mwaka 1910 akaja Robin Flower wa Makumbusho ya Uingereza, akarudi miaka mingi, na wanakisiwa wakampa jina la kwao, Bláithín. Mwaka 1923 akaja George Thomson, kijana wa Cambridge aliyesomea Kiyunani cha kale.

Wengi wao walifundishwa na mtu mmoja, Tomás Ó Criomhthain. Mvuvi, mchimba udongo wa moto, mjenzi wa nyumba yake mwenyewe. Kusoma Kiairishi alijifunza ukubwani: alipokuwa akikwama bara kwa sababu ya dhoruba, aliketi na watoto wa Dún Chaoin waliokuwa na vitabu vya shule, wakawa wanamfundisha. Mwaka 1917 alikuja Brian Ó Ceallaigh kutoka Killarney. Huyu alimsomea Tomás maandishi ya Gorky na ya Pierre Loti, habari za maskini wa Urusi na wavuvi wa Ufaransa, ili aone kwamba maisha ya mtu kama yeye yanafaa kuwa kitabu. Tomás akaanza kuandika, ukurasa kwa ukurasa, na kumpelekea kwa posta.

An tOileánach, yaani Mwanakisiwa, kilitoka 1929. Ninachokipenda ni kwamba hajionei huruma. Mwanawe mmoja alianguka jabalini akitafuta kinda la shakwe. Wengine waliondoka na surua na kifaduro. Mwaka 1909 mwanawe Domhnall alizama akijaribu kumwokoa msichana mgeni kutoka Dublin, Eibhlín Nic Niocaill, aliyekuwa akiogelea. Wakafa wote wawili. Tomás anayaeleza haya kwa sentensi chache, halafu anarudi kwenye kazi ya siku iliyofuata, kwa sababu kazi ilikuwepo.

Wa tatu ni Muiris Ó Súilleabháin, kijana. Thomson ndiye aliyemshawishi asiende Marekani, akawa polisi wa dola mpya ya Ireland, na 1933 akatoa Fiche Blian ag Fás, Miaka Ishirini ya Kukua. Chake kina furaha: kuwinda sungura, mashindano ya naomhóg, na ile meli ya mizigo Quebra iliyopasuka kwenye miamba mwaka 1916, wanakisiwa wakawa wanaopoa marobota baharini. Muiris mwenyewe alizama 1950 akiogelea pwani ya Galway.

Nisimsahau mfalme. Kulikuwa na mtu aliyeitwa An Rí, Pádraig Ó Catháin. Hakuwa na taji wala kodi ya kutoza. Alikuwa ndiye mpeleka barua, anavuka kila bahari inaporuhusu, anarudi na barua na habari za dunia, na mgeni akifika anafikia kwake. Alifariki 1929.

Fundi Majokofu

Mleta uzi, nakusoma vizuri, ila nitapinga kidogo. Unailaumu serikali. Watu 22 kwenye mwamba, uwajengee hospitali? Serikali yoyote ingewahamisha. Tena iliwapa nyumba.

Mnazi Mkinda

Fundi, hoja yako ina uzito, na wanakisiwa wenyewe ndio walioomba kuhamishwa. Hilo sibishi. Lakini usianzie kwenye 22. Anzia kwenye 176.

Mwaka 1907 bodi ya serikali iliyohudumia wilaya maskini ilikinunua kisiwa kutoka kwa bwana mwenye ardhi, Earl wa Cork, ikawagawia watu mashamba yao na kujenga nyumba mpya tano. Huo ulikuwa msaada wa kweli na watu waliufurahia. Baada ya hapo ni kidogo sana kilichofuata. Gati lilibaki ni mteremko mdogo wa zege ambao bahari ikichafuka haukaribiki. Baada ya Vita ya Kwanza soko la Marekani la vibua vya chumvi likaanguka, na vibua ndivyo vilivyoleta fedha taslimu. Wakabaki na kamba koche, waliowauzia wanunuzi wa Ufaransa waliokuja na vyombo vyao.

Vijana wakahesabu. Tayari walikuwa na ndugu Springfield, Massachusetts, mtaa mzima umejaa watu wa Kerry. Usiku kabla ya kuondoka, anayesafiri alikeshewa kwa ngoma na vilio, kama anavyokeshewa maiti, kwa sababu mama alijua hatamwona tena. Wasichana ndio walioondoka zaidi, na wa bara hawakutaka tena kuolewa kisiwani. Hakuna ndoa, hakuna watoto. Shule ikafungwa 1941.

Sasa angalia mambo mawili. Uhuru ulipopatikana 1922, serikali mpya ilitangaza Kiairishi kuwa lugha ya taifa, na katiba ya 1937 ikakiweka kuwa lugha ya kwanza rasmi. Vitabu vya Blasket vikawa fahari ya nchi. Waziri mkuu wa miaka hiyo, Éamon de Valera, alikuwa mpenzi mkubwa wa lugha hiyo. Jambo la pili ni hili linalofuata.

Mwishoni mwa Desemba 1946 kijana wa miaka 24 aliugua kisiwani. Kichwa kilimuuma kupita kiasi. Dhoruba ilikuwa imefunga bahari, na simu ya redio iliyokuwa posta ya kisiwani, kifaa pekee cha kuitia msaada, ilikuwa imeharibika. Daktari hakuitwa kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumwita, padri vivyo hivyo. Siku zikapita, akafa Januari 1947. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Hata jeneza ilibidi ndugu zake wajitose baharini kulifuata bara, na mwili ukakaa siku kadhaa kabla ya kuvushwa.

Aprili mwaka huo huo, baada ya baridi kali kuliko nyingi zilizokumbukwa, wanakisiwa walimpelekea de Valera telegramu: wamefungiwa na dhoruba, wako taabani, waletewe chakula, hawana cha kula. Chakula kilipelekwa. De Valera mwenyewe akavuka kwenda kuwaona mwaka huo, wakamwambia ana kwa ana kwamba wanataka kutoka. Kisha zikaja kamati na ripoti. De Valera akatoka madarakani 1948, akarudi 1951, na boti ya kuwahamisha ikaja Novemba 1953. Miaka sita na zaidi tangu ile telegramu, wazee wakiendelea kupiga makasia.

Na hata siku ile ya kuhamishwa bahari ilichafuka, hawakuweza kuondoka wote na vitu vyao. Wengine walisubiri.

Nahodha wa Kojani

Inauma sana hii. Simu moja tu inayofanya kazi ingemwokoa yule kijana?

Mnazi Mkinda

Kwa ugonjwa ule na dawa za wakati ule, sina uhakika angepona. Lakini angekufa akiwa ameonwa na daktari, na mama wa kisiwani wasingeondoka kwa hofu kwamba anayefuata ni mwanawe. Baada ya kifo kile ari ilivunjika.

Fundi, nikuongezee kitu juu ya gati. Kaskazini zaidi, pwani ya Galway, kuna visiwa viwili vinavyotazamana, Inishbofin na Inishark. Inishbofin ina bandari iliyokingwa na upepo, na hadi leo ina watu, shule na kivuko. Inishark haikuwa na bandari. Watu wake wa mwisho walihamishwa Oktoba 1960. Watu ni wale wale, lugha na bahari ile ile, umbali kati yao ni wa kupiga makasia. Ndiyo maana nikasema si bahari.

Fundi Majokofu

Hapo kwenye Inishark na Inishbofin nakubali. Sasa baada ya kuhama ilikuwaje? Na kisiwa ni mali ya nani leo?

Mnazi Mkinda

Waliohamishwa walipewa nyumba na vipande vya ardhi Dún Chaoin, ng'ambo tu, wakawa wanakitazama kisiwa kila asubuhi. Kondoo waliwaacha kule, na wanaume waliendelea kuvuka kwenda kuwakata manyoya na kuvua wakati wa kiangazi. Kulikuwa na mtoto mmoja tu kisiwani miaka ile ya mwisho. Magazeti yalimwandika kuwa ndiye mtoto mpweke kuliko wote duniani, hana wa kucheza naye isipokuwa shakwe, na watu wakamtumia zawadi kutoka nchi za mbali.

Umiliki una kisa chake. Kuanzia miaka ya 1970 watu wa nje walinunua sehemu kubwa ya ardhi kutoka kwa familia zilizohama. Mwaka 1987 kisiwa kikaonekana kwenye tangazo la kuuzwa katika gazeti la Marekani, watu wa Kerry wakashtuka, na 1989 bunge likatunga sheria ya kukifanya hifadhi ya kihistoria na kuwanyang'anya wamiliki kwa fidia. Sheria iliwaacha na ardhi zao waliokuwa wakiishi pale kabla ya kuhamishwa pamoja na wazao wao, ikawalenga walionunua baadaye. Wamiliki wakaenda mahakamani wakashinda: Mahakama ya Juu ilisema raia hawawezi kutenganishwa kwa ukoo. Kwa moyo nilikuwa upande wa familia za zamani, lakini ukisoma hoja za mahakama ni vigumu kuzipinga. Baadaye serikali ilinunua sehemu kubwa kwa maelewano.

Kisiwa jirani, Inis Mhic Uibhleáin, kilinunuliwa 1974 na mwanasiasa Charles Haughey, aliyekuja kuwa waziri mkuu. Akajenga nyumba ya mapumziko na kuleta kulungu. Hebu liweke hilo kando ya ile telegramu.

Bi Mkubwa Tatu

Mwanangu, na wewe umefika? Naona unaongea kama mtu aliyeona.

Mnazi Mkinda

Nimefika Bi Mkubwa, naishi Cork. Boti za watalii zinavuka kiangazi tu, na siku mbaya haziendi kabisa. Unashuka gati la Dún Chaoin kwa njia ya zege inayojipindapinda jabalini, nyembamba, kondoo walikuwa wakipitishwa hapo hapo. Kisiwani kuta nyingi zimesimama bila mapaa, nyingine zimefikia kiunoni. Nyumba ya Tomás imejengwa upya. Chini yake kuna ufuko mweupe, An Trá Bhán, ndipo kijana wake alipozama. Siku niliyokwenda ulijaa sili wamelala juani, mamia. Kila kiangazi wanaajiriwa watu wawili kuangalia nyumba za wageni na mgahawa mdogo, bila umeme wa gridi wala maji moto. Tangazo la 2020 lilivutia maombi makumi ya maelfu kutoka duniani kote.

Kisima cha Ngoa

Mtu akitaka kusoma aanze na kipi? Kiairishi hatujui.

Mnazi Mkinda

Vyote vitatu vipo kwa Kiingereza. Cha Tomás kilitafsiriwa na Robin Flower mwenyewe, cha Muiris na Thomson akishirikiana na Moya Llewelyn Davies. Anza na cha Muiris, kinasomeka kwa raha na kitakupa picha ya mahali. Kisha Tomás, na huyo msome polepole, sura moja moja. Peig mwache mwisho, na ukiweza tafuta mtu akusomee kwa sauti, kwa kuwa yeye alikisema, hakukiandika.

Dún Chaoin kuna kituo cha makumbusho cha kisiwa hiki pia, kimehifadhi picha na sauti za wanakisiwa. Kesho nikipata nafasi nitaweka hapa habari za mashindano ya naomhóg, Nahodha aliniomba inbox.